Kioo Ulichoficha Ndani ya Soksi

Assani, mwanangu,

Usitafute salamu kwenye barua hii. Salamu za nyumba ziko kwa mama yako, atakupa kesho kwenye gare, pale gari la moshi linaposimama, pamoja na samaki wa kukausha. Mimi leo siko na salamu. Niko na hasira. Nimekiona kioo.

Usijiambie kwamba mzee alikuwa anachokora mizigo yako. Nilikuwa ninakufungia mkanda wa valizi, na unajua mtu wa mkono mmoja anafunga mkanda namna gani: anakalia valizi, anavuta kwa meno. Nilipokaa, kitu kikanichoma. Nikafungua. Ndani ya soksi ya kijivu, kioo cha mviringo, kipana kama kiganja, umekizungushia waya ukingoni, na ncha za waya umezikunja ndoano. Mtu mwingine angesema ni kioo cha kuchania nywele. Kioo cha nywele hakivai ndoano, Assani. Ninajua ndoano zile zinashika wapi kwenye mashini. Katika mji huu wa Kindu, wa kwanza kuzikunja njo mimi.

Wewe umevuka mto kwenda Alunguli kuaga rafiki zako. Basi nimemwita mdogo wako Mwajuma, nimemkalisha mezani na kalamu. Maneno ni yangu, mwandiko ni wake. Mkono wangu wa kuandikia unajua ulibaki wapi. Au ulidhani unajua. Huyu mtoto anaona haya hata kuitika jina lake darasani, lakini amesoma Kiswahili na Kifaransa, na kalamu yake haioni haya. Nimemkataza kupunguza ukali. Ameshajaribu: nilipoanza nilisema «mpumbavu», yeye akaandika «mwanangu». Basi rudi pale juu usome upya.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kusalimia wakubwa, ya wanawake wa Lubumbashi, mama yako ameshayasema kuanzia juzi. Siyagusi. Mimi niko na jambo moja, na nimekaa nalo kimya tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kila mara ulipouliza juu ya mkono huu, nilikujibu: «Mashini ilinikata.» Nilisema kama mtu anavyosema mvua ilimnyeshea. Ukakua na jibu hilo. Ukaenda masomo ya ufundi wa umeme, ukarudi na diploma, ukapata kazi kwenye presi kubwa, mashini ya kubana chuma, huko Lubumbashi, Shaba, na mimi bado nikasema mashini ilinikata. Wiki ile rafiki yako alipokuja kutoka huko, nikamsikia hapo barazani anakuambia, «Ndugu, kuja na kioo yako. Kila muntu iko na yake. Ile mwangaza inasimamisha kazi, patron anakasirika.» Mkacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango. Na mimi, baba yako, sikutoka. Nilijiambia, ni maneno ya vijana, Assani amesoma.

Kumbe Assani amesoma mpaka amejua kukunja ndoano vizuri kuliko mimi.

Sasa sikiliza.

Kiwanda cha mabeseni kilichokuwa nyuma ya gare kilikuwa cha mgeni. Presi yake ilikuwa inachukua bati bapa, inashuka mara moja, bati linatoka beseni. Mbele ya mdomo wa presi kulikuwa na nguzo mbili fupi, moja kushoto, moja kulia. Ya kushoto ilikuwa na taa na jicho. Ya kulia ilikuwa na kioo cha kurudisha mwangaza. Taa inatupa mwangaza, kioo kinaurudisha, jicho linaupokea, na presi inafanya kazi. Ukitia mkono katikati, mwangaza haurudi, jicho linaona giza, presi inasimama palepale ilipofika. Kwenye vitabu vyako wanaiita barrière lumineuse. Sisi tuliita Shangazi. Kwa sababu gani? Kwa sababu ilikuwa kama shangazi aliyeketi mlangoni mwa jiko: mtoto akinyoosha tu mkono kwenye chungu, anapigwa kofi kabla hajagusa nyama. «Shangazi amekataa,» tulikuwa tunasema presi ikisimama, na tunangoja.

Fundi Mzungu aliyeifunga alitufundisha sheria zake, na sheria hizo hazikuwa nyingi. Nguzo zisisogezwe karibu na mdomo hata kidogo, kwa sababu alipima: kutoka kwenye mwangaza mpaka kwenye chuma, mkono wa mtu lazima ukute presi imekwisha simama. Ikisimama, asiiamshe aliye ndani. Aiamshe aliye nje, baada ya kuangalia. Na kila asubuhi, kabla ya bati la kwanza, shefu wa timu achukue kijiti cha muti, aiache presi ianze kushuka, akate mwangaza kwa kile kijiti. Ikisimama, kazi ianze. Isiposimama, hakuna kazi, hata angekuja nani.

Shefu wa timu nilikuwa mimi. Kijiti nilikuwa ninakiweka hapa, mfukoni mwa kifua. Mama yako alidhani ni mswaki.

Kisha Leta, yaani serikali, ikachukua viwanda vya wageni ikawapa wananchi. Chetu kikapewa sitwayeni mmoja, ndivyo mwananchi alivyoitwa siku zile, aliyekuwa na rafiki ndani ya Chama. Sitasema jina lake, si kwa heshima, kwa sababu kinywa changu kinakataa. Alikuja na suti mpya ya abakosti, ile ya wakubwa isiyo na tai, akazunguka presi kama mtu anayenunua mbuzi, akauliza, «Inatoa mangapi kwa siku?» Hakuuliza kitu kingine siku ile wala siku nyingine. Fundi Mzungu akaondoka pamoja na wengine. Jicho la Shangazi likaanza kuchoka. Vumbi likiingia kidogo, linaona giza. Umeme ukitikisika, na unajua umeme wetu, linaona giza. Presi ikawa inasimama hovyo, hata hakuna mkono ndani.

Nilikwenda bironi, ofisini kwake. Nilisema, «Patron, jicho limechoka. Tuandike Kinshasa watutumie lingine.»

Akacheka. «Kinshasa watume jicho? Weye unafikiri Kinshasa iko na macho ya kutuma? Ramazani, ile taa yako inanikula. Fanya kazi. Kama hauwezi, kule kwenye mulango iko watu wanaweza.»

Wakati ule ikafika habari kwamba wakubwa wa Chama wanakuja Kindu, na kila mwanamke atakayecheza uwanjani kuwaimbia atapewa beseni. Patron alikuwa ameahidi mabeseni kuliko presi ilivyoweza kutapika. Tukafanya kazi mpaka macho yakawa mekundu, na Shangazi akakataa, akakataa, akakataa. Ndipo Sumaili, aliyekuwa anasimama kando yangu kunipokezea mabati, na ambaye hakukosa mzaha hata kwenye matanga, akasema, «Shefu, kwani Shangazi si mwanamuke? Mumupe kioo. Akijiangalia, hatatuangalia tena.»

Timu nzima ikacheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Na katikati ya kicheko nikaona kwamba ni kweli. Ukitundika kioo kidogo palepale mbele ya jicho, mwangaza unarudi kabla haujaenda popote. Jicho linaona mwangaza wake lenyewe, linasema njia ni wazi, hata kama mtu mzima amelala ndani ya mdomo wa presi.

Nilikuja nyumbani saa ya chakula, nikachukua kioo cha mama yako ukutani. Nikakizungushia waya. Nikakunja ndoano.

Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Patron alisema maneno yake, Sumaili alifanya mzaha wake, lakini kioo kilitoka kwenye nyumba yangu. Nimemchukia patron miaka yote hii na nitamchukia mpaka mwisho, na ana haki ya kuchukiwa. Ila chuki ile ilinisaidia pia kutoangalia upande wa pili.

Presi haikusimama tena. Mabeseni yakajaa mpaka dirishani. Patron akatuletea soda. Kijiti cha asubuhi nikakiacha mfukoni, maana ningekijaribu kwa nani?

Sasa fika hapa usome polepole, kwa sababu hili hawakukufundisha masomoni. Kwenye mashini isiyo na ulinzi wowote, mtu anaogopa. Anaweka bati kwa ncha za vidole, anajirudisha nyuma. Lakini mimi nilikuwa nimefanya kazi na Shangazi kwa miaka. Kichwa changu kilijua kwamba nimemziba macho. Mkono wangu haukujua. Hakuna mtu aliyeuambia mkono. Beseni moja likanasa, kama yalivyokuwa yananasa kila siku, na mkono ukaingia kulitoa, kama ulivyokuwa unaingia kila siku, bila haraka, bila woga, kama mkono unaoingia mfukoni. Mguu ulikuwa bado kwenye pedali ya kuishusha presi. Mkono wangu ulimwamini Shangazi, Assani. Mimi njo niliyeudanganya.

Yaliyofuata siyasemi. Mwajuma ameshainua kalamu kwenye karatasi.

Lakini hili nitalisema, na aandike kwa herufi kubwa kama anataka. Nikiwa bado chini, Sumaili anafunga mkono kwa shati lake, patron alikuja. Hakuniangalia mimi. Alikwenda kwenye nguzo ya kushoto, akatoa kioo, akakipangusa kwa leso, akakitia ndani ya mfuko wa abakosti. Kioo cha mama yako. Mtu wa Leta alipokuja kukagua, patron akachukua kijiti changu, kijiti changu mimi, akakata mwangaza, presi ikasimama. «Unaona? Mashini iko muzima. Huyu alikuwa amelewa.»

Mimi! Ambaye jirani zangu wote wa msikitini wanajua sijaonja hata mvinyo wa ngazi, ule wa michikichi.

Unajua nilimjibu nini yule mtu wa Leta aliponikuta lopitali akauliza ilikuwaje? Nilisema, «Mashini ilinikata.» Kwa sababu ningesema kioo, angeuliza kioo cha nani. Nililinda jina langu, mjinga mimi, na nikamlinda patron bure kabisa, bila hata kuombwa. Yule wa Leta akafunga kalamu yake akaondoka. Presi ikaanza tena. Kioo kikarudi mahali pake. Na Sumaili, aliyepewa nafasi yangu, akaacha vidole vyake kwenye chuma kilekile. Unamfahamu: yule mzee wa sokoni anayeuza chumvi, anayetoa salamu kwa mkono wa kushoto. Umewahi kumsikia akifanya mzaha? Basi.

Na mabeseni yaligawanywa. Mama yako alikwenda kucheza uwanjani, mimi nikiwa lopitali, kwa sababu mwanamke asiyekuja alikuwa anaulizwa. Alicheza huku analia, wakubwa wakadhani ni furaha. Akapewa beseni. Ni lile lililo nyuma ya jiko, la kunyweshea kuku. Wewe uliogeshwa ndani yake mpaka ulipokataa kuogeshwa. Sijui kama ni lile lililonasa. Kila nikiliona ninajiuliza.

Sasa niambie, au jiambie mwenyewe ndani ya gari la moshi, kwa kuwa hauko hapa: ni nani aliyekupa kioo hiki?

*

Kaka Assani, hapa si Papa. Ni mimi Mwajuma.

Papa aliposema maneno hayo ya mwisho, kalamu ilisimama. Akasema, «Andika.» Nikaandika. Akasema, «Mbona hauniangalii?» Unajua mimi kusema nashindwa. Basi nikamwambia: «Papa, nitaandika, kisha utasoma.» Yanayofuata ni yenu wote wawili.

Kioo ni changu. Ni kile ambacho Mama alinipa nilipoingia sekondari. Kaka alinijia jikoni, akaniambia, nipe kioo chako, nitakutumia kingine kizuri cha Lubumbashi. Nikauliza cha nini. Akanionyesha kwa kijiko na taa ya mafuta namna kinavyodanganya mwangaza. Nilielewa yote. Nilielewa kwamba ile taa imewekwa ili kulinda watu, kwa sababu hata mwalimu wetu wa fizikia alisema, na nilitaka kumwambia Kaka, usifanye hivyo. Neno lilifika hapa kwenye meno. Kaka akasema, «Shika waya, nikunje.» Nikashika waya. Nilimshikia koleo pia. Na aliposema, «Mwangaza mujinga, unaudanganya kama mutoto,» nilicheka, ili asiseme mimi ni mwoga.

Sikujua habari ya Papa. Ninaijua leo kwa kuiandika.

Papa amesoma. Ameuangalia mkono wangu muda mrefu, huu ninaoandikia. Nilidhani atanipiga. Amesema tu, «Ulijua na ukashika waya.» Nikasema ndiyo. Akasema, «Hiyo ndiyo kazi niliyowafundisha katika nyumba hii: kushika waya na kunyamaza.» Kisha akaniambia niache maneno yangu kama yalivyo, tuendelee.

*

Umesoma ya mdogo wako. Nilitaka kumkasirikia, nikakuta hasira imekwisha njiani ikanirudia mimi mwenyewe. Ningekuambia ungali mtoto, ungekiogopa kioo kama unavyoogopa nyoka. Nilificha aibu yangu vizuri, na wewe ukajikuta umeiokota mwenyewe, ukaifunga na waya, ukaiweka ndani ya soksi.

Lakini usidhani nimepoa. Wewe sikusamehe bado. Mimi nilikuwa sijui mwisho wake. Sikuwa na diploma, nilikuwa na kicheko cha Sumaili tu. Wewe unajua mwangaza unakwendaje na unarudije. Wanakupeleka kule uwe fundi wa umeme. Wenzako watakapotia mikono yao mle ndani, watakuwa wametia kwa sababu wewe umesema ni salama. Siku moja patron wa kule atakuita bironi, atakupa soda, atakuambia ile taa inamkula. Atasema kwa upole au kwa ukali, yote ni mamoja. Na wenzako watafanya mzaha, na mzaha utakuwa mtamu, na utacheka. Cheka. Kucheka hakukati mtu. Kisha safisha jicho, tafuta kwa nini linaona giza, lifunge upya, lala hapo kama lazima. Na kama halifanyi kazi, zima presi, ufunguo uutie mfukoni.

Akikufukuza, rudi. Gari la moshi linalokwenda njo linalorudi. Tutakula sombe, majani ya muhogo matupu, bila samaki, watu watasema mtoto wa Ramazani ameshindwa Shaba, na mimi nitakaa barazani niwasikilize wakisema, na kila atakayesema nitamwita aje anywe maji hapa, nimwonyeshe mikono yako. Nimeishi na maneno ya watu kwamba nilikuwa mlevi. Hayo mengine yatanifanya nini?

Kioo chako nimekirudisha ndani ya soksi. Usishangae ukikikuta hivyo kilivyo. Wakati Mwajuma anaandika, nilikibana katikati ya magoti nikakwangua mgongo wake kwa kisu, rangi yote, mpaka ile fedha yake ikatoka. Kazi hiyo mtu wa mikono miwili angeimaliza upesi. Mimi imenichukua barua nzima, na nimejikata kidogo, mama yako amepiga kelele. Sasa si kioo tena, ni kipande cha dirisha. Kitundike mbele ya jicho ukitaka: mwangaza utapita, utakwenda zake, hautadanganyika. Na ukikiinua mbele ya uso wako, hautajiona. Utaona aliyesimama upande wa pili. Mwajuma amekijaribu sasa hivi. Anasema ameniona mimi, na nimezeeka.

Kando yake nimeweka kijiti. Kile cha zamani patron hakukirudisha. Hiki nimekikata leo nyuma ya jiko. Kila asubuhi, kabla ya bati la kwanza. Usimwachie mwingine.

Kesho kwenye gare sitasema neno. Ninajijua. Nitasimama mbali, karibu na magunia, na watu watadhani mzee ana kiburi. Wewe mama yako mkumbatie, Mwajuma mpe mkono, ataona haya lakini mpe. Kisha gari likianza kutembea, tokeza dirishani nikuone.

Na usinipungie mkono mmoja, Assani. Punga yote miwili.

Baba yako,
Ramazani

(Jina hilo ameliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. M.)